Mwalimu Aliyetufundisha Dadu kwa Njugu

Ulipomuuliza alizaliwa wapi, naye alikuuliza njugu zako umeziweka upande gani. Basi habari za kuzaliwa kwake naziacha, maana hata mimi niliyemjua kwa miaka sikuzipata. Tulimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki isipokuwa ile ya kuchorea mstari kwenye turubai. Alifundisha somo moja tu, kreps, yaani mchezo wa dadu mbili. Wanafunzi wake walikuwa madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya mpaka wa Malaba, matanboi wao, yaani utingo, na fundi wa panja, mziba matairi, aliyekuwa jirani yake. Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya wakala wa forodha. Nilitumwa kwenye foleni kukusanya karatasi za mizigo, nikajikuta nimekaa juu ya tairi kuukuu nikiulizwa kama nimenawa mikono.

Kunawa kulikuwa lazima, kwa sababu ya chumvi. Mzee huyu aliuza njugu za kukaanga zilizoletwa kwa baiskeli kutoka Adungosi, na njugu hizo hizo ndizo tulizochezea. Aliyenunua alikaribishwa kucheza. Asiyenunua alikaribishwa pia, akapewa kiganja kimoja cha kuanzia na kusimangwa mpaka jioni. Turubai lilikuwa kipande kilichokatwa kwenye trela fulani, na alilitandaza kila asubuhi ubavuni mwa kibanda cha fundi. Chumba alichopanga kilikuwa nyuma tu ya kibanda hicho, kwa hivyo safari yake ya kwenda kazini ilikuwa fupi kuliko ya mtu yeyote Malaba, na bado alichelewa.

Alivaa jaketi la dereva lenye mifuko mingi, hata jua likiwa la kuchemsha lami. Mfuko wa kushoto kifuani ulikuwa wa dadu, na humo hakuna kingine kilichoruhusiwa kulala. Alikuwa ameendesha malori ya masafa marefu, Mombasa hadi Kampala na kupita, na alijisifu kwamba anarudisha trela nyuma vizuri kuliko vijana wa leo wanavyolipeleka mbele. Mimi sikumwona akiendesha hata baiskeli.

Siku yangu ya kwanza alinipa dadu na kuniambia nitupe.

"Nitupe namna gani, mzee?"

"Vile unamwaga maji ya kuosha vyombo. Lakini usitumwagie sisi."

Niliona watu wakizipuliza kabla ya kutupa, nami nikazipuliza. Alinishika mkono.

"Madam, dadu si uji."

Nikatupa. Moja ilisimama kwenye turubai, nyingine ikaruka na kuzama kwenye karai la maji ambamo fundi wa panja huzamisha mipira ya tairi kutafuta tundu. Watu wakaacha mizigo yao wakaja kuinamia karai. Ndani ya maji ilionyesha tano. Dereva mmoja wa lori la mafuta, ambaye tulimwita Dereva wa Tanki, akasema namba ya majini haihesabiwi. Fundi akasema karai ni lake na namba iliyo ndani yake ni halali. Mwalimu alisikiliza pande zote mbili kama hakimu, akaniuliza mimi ninaonaje. Nikasema sijui hata tano ni nzuri ama mbaya.

"Huyu ndiye mwanafunzi," alisema, na nikaona amefurahi kweli.

Alinifundisha hivi. Unajumlisha dadu zote mbili. Ukitupa mara ya kwanza ukapata saba au kumi na moja, umeshinda. Ukipata mbili, tatu au kumi na mbili, njugu zako zimeenda. Ukipata namba nyingine yoyote, hiyo sasa ni namba yako, na utaitafuta tena kwa kutupa na kutupa. Ikirudi, umeshinda na unaanza upya. Saba ikitangulia, umeungua, na dadu zinakwenda kwa mwenzako.

"Si umesema saba ni ya kushinda?"

"Mara ya kwanza."

"Halafu inabadilika?"

"Saba ni mgeni, madam. Akifika kabla hujapika, mnakaa, mnapika pamoja, mnacheka. Akifika wakati umeshapakua, amekula chakula chako. Mgeni ni yule yule."

Nilielewa siku hiyo hiyo, nami si mwepesi wa hesabu. Kanuni nyingine aliisema polepole, akiangalia barabara: mwenye dadu anaweza kuziacha wakati wowote, hata kama bado anatafuta namba yake. Njugu zake zitabaki mstarini na anayefuata atamtupia. "Kanuni iko," alisema. "Mimi sijawahi kuitumia."

Kreps ya Malaba ina hatari ambayo nadhani haiko kwingine kokote duniani, nayo ni kwamba mtaji unaliwa. Mtu anatafuta namba yake, mkono unatafuta cha kufanya, na njugu ziko hapo hapo mbele yake zimekaangwa vizuri. Wageni wote walifanya kosa hilo. Mimi nililifanya nikitafuta nane. Nilitupa nikapata tano, nikatupa nikapata kumi, nikatupa tena na tena, na nane ilipotoka niliruka juu.

"Ulikuwa umeweka nini?" Mwalimu aliuliza.

"Njugu."

"Ziko wapi?"

"Ziko kwa tumbo," fundi alijibu kwa niaba yangu.

"Basi tumbo ndilo limeshinda. Lilipe mwenyewe."

Kulikuwa na pande mbili za kuweka. Unaweza kuweka kwa mtupaji, utashinda akishinda. Au unaweza kuweka kwa saba, utashinda akiungua. Mwalimu mwenyewe alitufundisha kwamba upande wa saba una nafuu kidogo, ukicheza muda mrefu. Dereva wa Tanki alilisikia hilo mara moja na hakuhama tena upande huo. Alikaa pale akitutakia mabaya kwa sauti ya upole. Lakini Mwalimu, aliyeijua hesabu hiyo kuliko sisi sote, aliweka njugu zake kwa mtupaji kila mara, hata mtupaji akiwa mimi. Nilimuuliza kwa nini.

"Sitaki kukaa hapa kutwa nikiomba mtu aungue," alisema. "Nikalale na hiyo roho?"

Sasa nieleze kilichomweka pale, kwa sababu yeye mwenyewe hakukificha. Alimweleza kila mwanafunzi siku ya kwanza, kama sehemu ya kanuni. Mke wake anatoka Port Victoria, ziwani, kwa watu wa samaki. Wakati Mwalimu bado anaendesha lori, mama huyo na kaka zake walichanga akiba yao wakampa aende Mombasa anunue injini ya mashua. Alifika Mombasa. Mahali pa kusubiri mzigo palikuwa na wenye kucheza dadu, na huo mchezo alikuwa ameujifunza hapo hapo safari chache nyuma. Alirudi Malaba bila injini.

"Nilikuwa nashinda," alisema kila alipofika hapo. "Hiyo ndiyo mjue. Nilikuwa nashinda mpaka karibu na mwisho."

Mama hakupiga kelele. Alifunga vitu vyake kwenye leso akarudi kwao. Wazee walipokwenda Port Victoria kumwombea msamaha, Mwalimu alibeba zile dadu na kusema atazitupa ziwani mbele ya watu wote. Alidhani hilo ni jambo kubwa. Mama alimwangalia akamwambia asijisumbue kuchafua maji.

"Ukitupa hizo utanunua zingine Busia ukirudi," alisema. "Mimi sitaki uzitupe. Nataka siku moja nikuone umezishika, unashinda, watu wanakuita, na wewe unaziweka chini. Siku hiyo nitafunga mizigo nije."

Alikuja na sharti hilo Malaba, akaacha lori, akaanza kuuza njugu na kujizoeza. Hii ndiyo shule tuliyosoma. Wengi walifikiri anatufundisha kucheza, kumbe sisi ndio tulioletwa pale ili apate watu wa kuacha mbele yao. Kila asubuhi alitangaza, "Leo nikishinda mara mbili naziweka chini." Akashinda mara mbili, akasema tatu ni namba nzuri zaidi. Akaungua akitafuta ya nne. Tulimcheka bila huruma, naye akacheka pamoja nasi, akakaanga njugu nyingine.

Siku moja alikuwa anashinda, tisa ndiyo namba yake, na mvua ikaja ghafla kama inavyokuja kwetu. Alikunja turubai, dadu zikarudi mfukoni, tukakimbilia chini ya trela. Hapo chini, maji yakitiririka pande zote, alitangaza kwamba ameziweka chini.

"Mvua ndiyo imeziweka," nilisema.

"Mkono ni wa nani?"

"Mzee, mvua haihesabiwi," alisema Dereva wa Tanki, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho watu wote wa foleni walikubaliana naye. Mwalimu alinuna mpaka mvua ilipokatika. Nyingine ilikuwa siku foleni iliposogea na wachezaji wote wakakimbilia malori yao, akabaki na dadu mkononi peke yake. Hiyo pia alitaka tuihesabu.

Ndoa yao ilikuwa ya simu. Kila Jumapili baada ya ibada mama alipiga, na kwa kuwa simu ya Mwalimu ilikuwa imekufa sikio, ilibidi aweke sauti kubwa, nasi sote tukasikia. Tulianza kufika mapema siku hiyo.

"Mzee, habari ya huko."

"Nzuri, mama. Samaki?"

"Wako. Umeziweka chini?"

"Karibu."

"Karibu ni wapi?"

"Jana nilikuwa nimezishusha mpaka hapa," alisema, akionyesha usawa wa goti, kana kwamba simu ina macho.

Mama akabadilisha habari: "Nimekutumia samaki, mbuta aliyekaushwa. Uende stendi saa nane, uchukue kwa yule wa boda boda. Usimpe fundi kichwa, kichwa ni chako." Ikakatika. Fundi wa panja alijifanya hakusikia. Saa nane samaki alifika, na Jumatatu Mwalimu alimtumia mama gunia dogo la njugu kwa boda boda yule yule. Sijaona watu walioachana wakilishana hivyo.

Nilimpenda mzee huyu, na mara nyingine alinikasirisha. Alikuwa mtu wa kanisa, alisimama mlangoni Jumapili akiwapa watu viti, na alijua nyimbo zote, lakini aliniambia waziwazi kwamba kwenye maombi huwa anaomba nane. Alikuwa mkarimu wa samaki na bahili wa njugu. Dereva akiumwa kwenye foleni, yeye ndiye aliyempikia uji. Dereva huyo huyo akipona na kuokota njugu moja iliyoanguka nje ya mstari, alikemewa kama mwizi wa ng'ombe. Alichukia uongo, na kila siku alijidanganya saa tatu asubuhi mbele ya mashahidi.

Nilipokwisha kuzoea, na tumbo langu limejifunza kungoja, nilimwambia nilichokuwa nacho rohoni. Tulikuwa wawili tu, malori yalikuwa machache.

"Mwalimu, si uache tu? Ni njugu."

Hakukasirika. Alizitoa dadu mfukoni akazipima kiganjani.

"Ingekuwa pesa, madam, ningesema ni pesa inanishika. Sasa ni njugu. Na njugu nauza mimi mwenyewe, gunia zima liko hapo nyuma. Kwa hivyo inanishika nini?"

Niliangalia lile gunia.

"Nimefikiria hiyo kitu. Nikiwa nazo mkononi, bado sijaungua. Injini bado iko. Unaelewa? Nikiziweka chini, imekwisha, nimerudi Malaba na sina kitu." Akazirudisha mfukoni na kufunga kifungo. "Ndiyo maana nasema karibu. Mama anafikiri namdanganya. Simdanganyi."

Baada ya hapo nilipunguza kumcheka. Si kwamba niliacha, maana angeshtuka. Lakini kila alipozishika akiwa anashinda, nilikuwa najikuta nikitaka mkono wake ushuke, na ulipokosa kushuka niliumia kama mtu wa nyumba ile. Dereva wa Tanki aliniambia nimezidisha, kwamba mzee amezoea kuwa mtu anayengojewa na hawezi tena kuishi vingine. Nilimwambia arudi kwenye saba yake.

Kisha ofisi ilinihamishia Busia. Si mbali, lakini kazi ni kazi, na nilikaa muda mrefu bila kuona turubai lile. Nilisikia habari zake kwa madereva: kwamba nywele zimekuwa nyeupe zote, kwamba foleni siku hizi inakwenda haraka na wanafunzi hawakai hata kumaliza somo la saba, kwamba bado anasema karibu.

Asubuhi moja nilipelekwa Malaba na karatasi za mzigo, na nilipozimaliza miguu ilinipeleka yenyewe. Duara lilikuwa limejaa. Fundi alikuwepo, Dereva wa Tanki alikuwepo upande wake wa saba, na kulikuwa na dereva mgeni kutoka Eldoret aliyekuwa ameanza kujifunza siku hiyo, mashavu yake yakitafuna. Mwalimu ndiye aliyekuwa na dadu. Rundo la njugu mbele yake lilikuwa kubwa kuliko nililowahi kuliona. Alikuwa ameshinda, ameshinda tena, na sasa namba yake ilikuwa nane.

Nilisimama nyuma kidogo, karibu na mama mmoja mrefu aliyejifunga leso, beseni la samaki miguuni pake. Aliinama kunisemesha bila kuondoa macho kwenye turubai.

"Dada, anatafuta namba gani?"

Sikuwa nimewahi kumwona, lakini sauti ile nilikuwa nimeisikia Jumapili nyingi kwenye simu.

"Nane, mama."

"Na saba ikitoka?"

"Ameungua."

"Basi usimwambie niko hapa."

Mwalimu alitupa. Nne. Akaziokota. Watu walianza kumwita: Mwalimu tupa, mzee usituache, leo ni leo. Hata Dereva wa Tanki alikuwa amechukua njugu zake na kuzihamishia kwa mtupaji, jambo ambalo sikutegemea kuliona nikiwa hai. Mwalimu alitikisa mkono. Kisha mkono ukapunguza mwendo, ukasimama. Alizitazama dadu kwa muda, akainama, akaziweka kwenye turubai mbele ya yule dereva wa Eldoret.

"Shika wewe," alisema. "Njugu zangu ziko hapo. Nitupie."

"Mzee, unaumwa?" fundi aliuliza.

"Siumwi."

"Uko na nane mkononi, unapeana?"

"Nimesema ashike."

Aliinuka, akaenda kwenye sufuria ya njugu, akaanza kukoroga. Moto ulikuwa haujawashwa. Hakuwa amemwona mke wake. Nataka hilo lieleweke, maana wapo wanaosimulia vingine.

"Mzee," mama aliita.

Aligeuka na mwiko mkononi.

"Nimeona," mama alisema. Sauti yake ilikuwa kavu kama ya kwenye simu. "Nilisema nini siku ile?"

"Ulisema utafunga mizigo."

"Basi nitafunga. Sisi si watu wa kuvunja neno. Nitarudi Port leo, nimalize samaki walio kwa moto, niongee na kaka zangu, nifikirie vizuri. Wiki ijayo, ama ile nyingine."

Alikuwa bado anapanga wiki zake wakati boda boda iliposimama nyuma yetu. Aliyeiendesha hakuonekana vizuri, kwa sababu ya godoro lililofungwa nyuma yake na sanduku lililokaa juu ya tangi.

"Mama, hii godoro niweke wapi?" aliuliza. "Na yule mwenye masufuria amefika kwenye mzani wa malori, anakuja."

Mama alimwangalia kijana wa watu kwa jicho ambalo lingekausha mbuta bila moto. Fundi wa panja aligeukia ukuta, mabega yakimcheza. Mimi nililia kidogo, sisemi uongo, na nilikuwa nacheka wakati huo huo. Mwalimu alilitazama godoro, akalitazama sanduku, akamtazama mke wake.

"Kumbe ulishafunga."

"Nilifunga jana."

"Kabla hujaniona?"

"Nimezeeka, mzee. Ningengoja mpaka lini?"

Aliweka mwiko. Nikafikiri ataanguka ama ataomba. Alisema, "Basi ningemaliza namba yangu kwanza."

"Jaribu," mama alisema.

Hakujaribu. Alikwenda akalifungua godoro, akashika upande mmoja na mama akashika mwingine, wakaanza kulipeleka kwenye kile chumba cha nyuma ya kibanda. Hapo ndipo dereva wa Eldoret, ambaye hakuwa ameelewa chochote isipokuwa kwamba ni zamu yake, akatupa. Ilitoka nane. Watu walipaza sauti, Dereva wa Tanki zaidi ya wote, wakamwita Mwalimu arudi achukue njugu zake. Hakugeuka. Alikuwa anabishana na mama ni nani atangulie mlangoni.